Nondo wa Alhamisi

Kituo cha Palo Hueco,
Guanacaste.
Jumatano, siku ya kumi baada ya Pasaka.

Mdogo wangu mpendwa Nicanor,

Pokea salamu zangu na za mama, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini barua itakukuta mzima, mgongo umetulia, na hayo mananasi unayovuna huko San Carlos hayajakumaliza viganja. Sisi huku tunashukuru. Mama jicho lake la kulia limepona vizuri tangu wamfanyie upasuaji kule mjini Liberia. Sasa anaona buibui hadi darini, na ananiuliza tangu lini nyumba yake imekuwa chafu hivi, kana kwamba buibui wamehamia jana. Jicho la kushoto wamesema lingoje mwakani. Ng'ombe wako mwenye pembe moja amezaa jike. Mvua bado haijanyesha, na nyenje wanapiga kelele tangu Juma Takatifu mpaka mtu anatamani Mungu awajibu tu ili wanyamaze.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa anwani. Sikulaumu. Hii yangu itakuwa ndefu, kwa hiyo kaa chini, vua viatu.

Nakuandikia nikiwa na kinyaa, nikuambie mapema. Kimenikaa kooni siku kumi sasa, hata kahawa naiona kama maji ya kudekia. Unaijua friji ya jikoni kwangu hapa kituoni. Daktari Arrieta, na udaktari wake wa wadudu, bado anaweka humo mifuko yake ya mavi ya viwavi, tena rafu ya juu, pembeni ya jibini. Wiki iliyopita nilifungua kopo la siagi nikakuta viwavi kumi na wanne waliokufa, wamepangwa kwa ukubwa kama watoto wa komunyo ya kwanza. Anapasua ganda la kiwavi lililooza kwa kucha, ananusa kile kiowevu huku amefumba macho, halafu kwa vidole vilevile anamega tortiya yangu ya mahindi na kuniambia, "Doña Lala," maana Eulalia kwake ni refu, "leo umeipatia." Nikisugua ndimu mikononi usiku na asubuhi, bado nasikia ule uvundo. Lakini si friji iliyonifanya nishike kalamu.

Inabidi nianze na mambo unayoyajua kuliko mimi. Nivumilie, nataka kuyapanga kwa mfuatano mara moja maishani mwangu.

Kiangazi kile cha mwaka juzi walipohamisha vizimba vya nondo kutoka kwenye baraza la saruji na kuviingiza katika banda jipya la sakafu ya udongo, wewe ndiye uliyekabidhiwa funguo. Maganda mia nne ya kahawia, kila moja na kiwavi wake amelala ndani, akingoja mvua ya Mei ndipo atoke akiwa nondo. Daktari alitaka kujua wanaijuaje mvua wakati wamefungwa gizani, na watafanya nini majira yakiendelea kuharibika kama yanavyoharibika. Mlangoni akabandika karatasi: MAJI NI MARUFUKU. Kazi yako ilikuwa kuangalia kila siku na kuandika. Basi mwezi wa pili, upepo unavuma, vumbi hadi kwenye meno, mvua ikiwa mbali kama Krismasi, nondo wakaanza kutoka. Ukaandika. Alhamisi wawili. Alhamisi nyingine watano. Katikati hakuna.

Yaliyofuata yalitokea jikoni kwangu, saa ya chakula cha mchana. Daktari aliingia na daftari lako mkononi akasema nondo hawasomi kalenda. Alisema wanatoka kila Alhamisi kama wanawake wanaokwenda sokoni, na nondo wa hivyo ana mtu nyuma yake, na mtu mwenyewe ni wewe, kwa sababu ndiye mwenye funguo. Eti uliwamwagia maji wamalizike upesi ili upate kwenda kwenye sherehe za kupanda mafahali. Wewe ulimjibu kwa sauti ya chini, nayakumbuka maneno yako yote: "Daktari, mimi naandika ninachokiona. Ukitaka unachokipenda, andika mwenyewe." Akauliza kwa ukali nani mwingine aliyeingiza maji bandani, kama si wewe. Hakuna aliyejibu. Ukazitupa funguo ndani ya sufuria ya supu ya mahindi, ukatoka. Nilizivua kwa upawa. Ile supu tuliila siku mbili ikiwa na ladha ya chuma.

Unajua nilivyokupigania baada ya hapo. Nilimwita daktari majina ambayo mama hajui kama ninayajua. Miezi mitatu mizima nilimpakulia ukoko wa wali, na aliula, maana mtu yule hajui anachokula. Mama alikuwa anasema kijijini kwamba binti yake ana mdomo kama panga. Nilizipenda sifa zile.

Mwaka wa pili akaja Yorleny, msichana wa chuo kikuu kutoka Cartago, mpole, mwenye viatu vipya. Naye akapewa funguo. Mwezi wa pili ukafika na nondo wakatoka tena, safari hii siku yoyote ile, Jumatatu, Ijumaa, bila mpango. Hapo sikuamini macho yangu. Yaleyale uliyoandika wewe yakaitwa udanganyifu, alipoyaandika yeye yakawa elimu. Daktari alikuwa anarukaruka barazani. Alisema nondo wameacha kungoja mvua, kwamba wameona majira yamevurugika nao wakajifunza kuamka mapema, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuliona jambo hilo. Akaenda mbele za watu mjini akalisema. Akarudi na picha yake mwenyewe akiwa amesimama penye kipaza sauti, akaitundika juu ya jiko langu. Mafuta ya kukaangia yameijaa usoni, na sijawahi kuifuta.

Kisha akalitoa daftari lako droo ya chini alikolitupa. Lilimfaa sasa, likawa mwaka wa kwanza wa ushahidi. Nilipomuuliza jina lako lipo wapi katika hayo maandishi yake, alinionyesha kwa kidole: "mhudumu wa kituo." Akasema majina yakizidi yanachosha msomaji. Nyani haoni kundule, Nicanor. Mtu aliyekufukuza kwa sababu ya daftari anatembea mjini na daftari lilelile chini ya kwapa, na hata haya hana. Nilitoka nje nikatema mate.

Sasa tuje mwaka huu. Januari nilikwenda Liberia na mama kwa ajili ya jicho, tukakaa kwa binamu yetu mpaka karibu mwisho wa Machi. Niliporudi, Jumatatu ya Juma Takatifu, nilimkuta daktari amekonda. Nondo hawakutoka. Hata mmoja, kiangazi kizima. Na wageni wakubwa kutoka nje ya nchi walikuwa waje Jumatano ya baada ya Pasaka kuwaona nondo wanaoamka mapema. Yorleny alinong'ona kwamba daktari anazungumza na vizimba.

Mimi nilichokiona ni uchafu. Miezi mitatu hakuna aliyefagia lile banda. Vumbi la vidole viwili, mabawa makavu, mavi ya viwavi yamegandamana pembeni, na panya aliyekufa amebaki mkia na harufu. Nikafanya kile mama alichotufundisha tukiwa hatujafika urefu wa ufagio. Sakafu ya udongo haifagiwi kavu. Unachota maji kwa kata, unanyunyiza kwa vidole, unangoja vumbi lilale, ndipo unafagia ukirudi nyuma. Anayefagia kavu anauhamisha uchafu kutoka sakafuni kwenda mapafuni. Ile karatasi ya mlangoni niliiona, kama ninavyoiona siku zote. Mimi vizimba sivilowanishi. Ninachofanya ni kufagia.

Jumamosi, siku tano baadaye, asubuhi, tukisikia nyenje tu na kengele za mbali, Yorleny alikuja mbio kutoka bandani. Nondo kumi na mmoja. Daktari alinikumbatia na lile shati lake la wiki nzima, akalia begani kwangu. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Nilitazama chini nikaiona ndoo, nikakumbuka harufu iliyopanda Jumatatu nilipomwaga kata ya kwanza, harufu ya udongo uliolowa, ambayo ni harufu ya Mei. Daktari amepachika kipima mvua juu ya mlingoti, ana vyombo vya kupima joto na upepo, na sakafu hajawahi kuitazama.

Siku ya Pasaka nilimwambia. Alikuwa anakula jamu ya boga, kijiko kikabaki hewani. Cha kwanza alichofanya ni kuutazama mlango kama umefungwa. Akauliza ni tangu lini. Nikamwambia tangu banda lilipojengwa. Wakati wako nilifagia kila Jumamosi mchana, wewe ukiwa mpirani, na kwa upepo ule sakafu ilikauka kabla hujafunga goli la kwanza. Wakati wa Yorleny nilifagia siku yoyote aliyokwenda porini. Ufunguo wa pili upo kwenye msumari jikoni, nyuma ya aproni yangu, na hakuna aliyewahi kuuulizia, maana nani humhesabu mpishi. Akamaliza jamu, nakuapia aliimaliza, akalamba kijiko. Halafu akasema, "Doña Lala, maneno haya yabaki hapahapa jikoni." Akasema atakurudisha kazini. Akasema jina lako litaandikwa la pili, chini ya lake, kwa herufi sawa. Kwani kuna ubaya gani, alisema, kila mtu atakuwa amepata chake.

Nikamjibu ndiyo. Niliona nakurudishia ulichonyang'anywa. Nililala na hiyo ndiyo yangu, na asubuhi nikamsikia anapiga mluzi akinyoa ndevu. Kumbe mtu anaweza kupiga mluzi baada ya hayo.

Asubuhi hiyohiyo Yorleny alikuja jikoni na daftari lako, ametumwa anakili jina lako vizuri. Akasema kuna kitu kinamsumbua. Kwa nini Alhamisi? Nikamwambia kwa sababu ya Jumamosi. Akadhani namtania. Basi nikaishusha kalenda ya watakatifu ya mwaka ule, unajua situpi kalenda, tukakaa mezani. Jumamosi nafagia, hesabu siku tano, Alhamisi umeandika wawili. Jumamosi nafagia, Alhamisi watano. Tukafika ile Jumamosi niliyokwenda harusi ya Flor María na sikugusa ufagio. Alhamisi yake umeandika: "Hakuna hata mmoja. Nimekagua mara mbili." Yorleny aliweka kidole juu ya mstari ule. Daftari lako ni la kweli mno, mdogo wangu. Limenikamata mimi, ambaye hukujua hata kama nimo humo.

Msichana yule mpole alichukua kalamu ya wino akaandika pembeni ya kila Alhamisi yako: sakafu imenyunyizwa maji na Eulalia, Jumamosi. Kurasa zote. Jumanne tukampelekea daktari. Aligeuka mkali, akasema mpishi hawezi kukumbuka alichofanya miaka miwili nyuma. Nikamwambia ya kwake siyakumbuki, ufagio wangu naukumbuka. Akachukua daftari akaenda bandani peke yake. Tulimwona kupitia wavu amepiga magoti, pua chini, ananusa udongo kama mbwa. Jioni akawapigia wageni simu wasije.

Ungedhani atajifungia ndani mwezi mzima. Aibu yake ilidumu siku tatu, hata mafua hukaa zaidi. Ijumaa alichora mstari wa chokaa katikati ya banda: nusu nitanyunyiza kwa saa na kwa kipimo, nusu ibaki kavu. Anasema swali alilouliza miaka yote nilikuwa nalijibu kwa kata na ufagio, nondo hawasubiri mvua, wanasubiri harufu ya ardhi iliyolowa, na hilo ni kubwa kuliko lile la kwanza. Ana furaha tele. Ananitia kichefuchefu, lakini nadhani safari hii hakosei.

Anasema anahitaji mtu anayeandika anachokiona. Alitaka niweke funguo ndani ya bahasha hii. Nilikataa. Nilimwambia funguo zilitoka mikononi mwako kwa matusi, basi azilete kwa miguu yake. Atakuja San Carlos Jumapili, kwa basi, na nimemsikia barazani akijifanyia mazoezi ya kuomba radhi. Kwa sasa amefika "Don Nicanor, mimi," na hapo anakwama.

Kila mtu amenisamehe. Daktari amesema sikujua. Yorleny amesema ni mazoea tu, yeyote angefanya hivyo. Mama amesema hajawahi kusikia mtu anaadhibiwa kwa usafi. Nimewaacha waamini. Wewe sitakuacha hivyo.

Nilijua, Nicanor. Siku ile jikoni, daktari aliposema maji, mimi nilikuwa nimetoka bandani saa hiyohiyo. Ilikuwa Jumamosi, ulikuwa hujaenda mpirani bado kwa sababu alikuita. Ndoo ilikuwa mkononi mwangu, nyuma ya sketi, na chini yake bado inatona. Alipouliza nani mwingine aliyeingiza maji, niliiweka sakafuni polepole nikaisukuma kwa mguu chini ya sinki. Ulikuwa umenipa mgongo. Ulitupa funguo kwenye sufuria, na mimi nikachukua upawa kuzivua, ili mikono yangu iwe na kazi.

Nilijiambia kufagia si kumwagia nondo maji. Nilijiambia matibabu ya mama yamo kwenye bima ya kazi yangu, na macho yake yalikuwa yanakwenda. Yote ni kweli na hayana thamani, kwa sababu ningeweza kusema neno moja na sikulisema. Nikaenda kumtukana daktari badala yake, miezi mitatu, kwa sauti, ili kijiji kisikie. Mwaka wa Yorleny niliendelea kufagia, maana kuacha kungekuwa kukiri mbele ya ufagio. Kikulacho ki nguoni mwako. Ulipokuwa unafungasha virago ukaniambia, "Asante dada, wewe peke yako umenisimamia." Maneno hayo ndiyo yanayonuka mikononi mwangu. Nimewasingizia viwavi miaka miwili.

Jambo la ndoo halijui mtu mwingine. Daktari akija, ukitaka kumwambia, mwambie, nami nitafungasha sufuria zangu bila kinyongo. Ukitaka kazi, ichukue kwa sababu ni yako na daftari lako limeshinda. Ukitaka kumfungia mlango, mfungie. Na katika kuamua usihesabu jicho la mama la kushoto. Mimi nililihesabu, na ndipo nilipoharibikiwa.

Sikuombi unijibu. Ukikaa kimya nitaelewa, ukiandika mistari minne nitashukuru. Mama anakusalimu sana. Anasema jicho lake jipya limechoka kutazama buibui, linataka kukuona wewe. Huyo ndama bado hatujampa jina, tunakungoja. Jifunike vizuri, huko kwenu mvua haina adabu.

Ndimi dada yako,
Eulalia